Sabufa Chumbani kwa Mama Mkwe

Kompyuta yenyewe niliitoa mimi, kwa hiyo lawama ilipokuja haikuuliza njia. Ilikuwa mashine ya mezani, ya zamani, yenye CPU nzito na kioo kilichoanza kuwa na rangi ya chai pembeni. Ilinifanyia kazi miaka mingi katika saiba, duka langu la kompyuta hapa Ikutha, ikichapisha barua za kuomba kazi na matangazo ya mazishi, hadi nilipopata nyingine. Nikaifungua, nikaipuliza vumbi, nikaiongezea spika mbili ndogo na sabufa yake, ile spika kubwa ya sauti nzito, nikampelekea mama mkwe huko Mukuyuni. Siku hiyo nilijiona mkwe wa maana sana.

Mama mkwe ni mwalimu wa kwaya. Hajawahi kulipwa wala hajawahi kukosa mazoezi. Mzee wake alipofariki, alijifungia ndani hadi watu wakaanza kuja kumtazama kama mgonjwa. Kilichomtoa ni akina mama wa sauti ya kwanza. Walikuja wakaketi uani pake, wakaimba vibaya makusudi, naye akashindwa kuvumilia, akatoka kuwarekebisha. Mke wangu husimulia kisa hicho huku anacheka na kufuta machozi. Tangu siku hiyo mazoezi hufanyika hapo nyumbani.

Ana namna yake ya kufundisha. Mazoezi huyarekodi kwa simu, na watu wakishaondoka, huyahamisha kwenye kompyuta, huketi peke yake na kusikiliza sauti moja moja: ya kwanza na ya pili za akina mama, tena na besi za wanaume. Mazoezi yanayofuata yakija, anajua nani alipotea na alipotelea wapi. Hasemi umeimba vizuri au vibaya. Neno lake ni moja tu: imefika, au haijafika. Nimeona wazee wa kanisa wakitetemeka wakisubiri kuambiwa kama sauti yao imefika.

Sasa kanisa lao lilikuwa linamaliza jengo jipya, na kwaya ilikuwa imepewa wimbo wa siku ya ufunguzi. Wimbo aliutunga yeye mwenyewe. Ndipo mke wangu akapokea simu kutoka nyumbani kwao, akaja nayo hadi dukani kwangu, uso umekunjamana.

"Baba watoto, mama anasema zile spika zako zimekufa."

"Zangu?"

"Kwani nani alizileta?"

"Zimekufa aje?"

"Hizo ndogo haziongei. Ile kubwa tu ndio inanguruma. Anasema kama haitatengenezwa, heri aachie wengine kwaya, juu hawezi fundisha kitu hasikii."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama niliona hakuna mzaha. "Mama akiacha kwaya," akasema, "atarudi kukaa ndani. Na safari hii sijui ni nani atamtoa." Nimetengeneza mashine za watu wengi, nyingine za ofisi kubwa, lakini hakuna iliyowahi kunipa woga kama ule.

Kazi hii ina utaratibu. Mtu akikwambia spika hazitoi sauti, huanzi na bisibisi. Unaanza na maswali ambayo yeye anayaona ya kijinga: stima iko, taa ya sabufa inawaka, kuna mtu amebonyeza alama ya kunyamazisha pale chini ya kioo? Halafu unafuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya. Halafu unajaribu spika zile zile kwenye kitu kingine, simu kwa mfano, ujue kama mgonjwa ni spika au ni kompyuta. Na mwisho kabisa, unaketi na mwenye mashine, mnasikiliza pamoja.

Hapo pa mwisho ndipo utaratibu wangu ulipogonga mwamba. Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, na mahali inapobana zaidi ni kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Hatuli pamoja. Nikifika, yeye hunisalimia akiwa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye ghala la mahindi, kisha anapotea. Zamani, wanasema, mambo mazito waliyazungumza ukuta ukiwa katikati, na sisi bado tunafanya hivyo. Nyumba yake haina dari, kuta zinaishia chini ya mabati, kwa hiyo yeye huketi chumbani, mimi sebuleni, na maneno yanapita juu. Vijana wa siku hizi hupiga picha wamekumbatia mama wakwe zao, na mimi sina neno nao. Lakini mama yangu mkwe aliacha mengi ya kale alipookoka, na hili hakuliacha. Kusema kweli hata mimi nililipenda. Ni vigumu kugombana na mtu ambaye hamtazamani.

Na kompyuta alikuwa ameiweka wapi? Chumbani kwake, karibu na kitanda, kwa sababu sebuleni kuna vumbi na watoto wa majirani. Mkwe hakanyagi pale hata nyumba ikiwaka moto.

Nilipofika mara ya kwanza, jirani yake, mama mmoja mwembamba ambaye ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza, alinitolea vitu kimoja kimoja kama anayehamisha vyombo vya harusi. Alileta CPU, kioo, spika, na sabufa akiwa ameikumbatia. Nikapanga vyote kwenye meza ya sebuleni. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kiti kikisogezwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kusimamia kazi.

Ugonjwa niliupata mara moja, na nilifurahi sana kuupata. Pini ya kijani, ile inayotoka kwenye sabufa kwenda nyuma ya CPU, haikuwa imeingia hadi mwisho. Pini ikiingia nusu, mambo huwa ya ajabu: kinanda kinabaki, ngoma inabaki, lakini mwimbaji anasikika kama ametoka nje kidogo. Nikaisukuma ikatoa mlio mdogo, nikacheza rekodi ya mazoezi, na kwaya nzima ikaingia sebuleni. Yule jirani akakunja uso, akaziba sikio moja.

"Ni kali!" akasema.

Nikatazama vidude vya kuzungusha vilivyo ubavuni mwa sabufa. Cha trebo, kile cha kuongeza sauti nyembamba, kilikuwa kimezungushwa hadi kimegota. Nikakirudisha katikati na kuwalaumu watoto wa majirani kimoyomoyo. Nikaeleza kwa sauti, nikilielekea paa, kwamba ilikuwa pini tu, na sasa mambo ni sawa.

"Asante, muthoni wakwa," mama mkwe akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta. Muthoni ndiye mkwe, na anavyolitamka neno hilo hunifanya nikae vizuri kitini. Nikaletewa kuku, nikamla peke yangu nikiwa mshindi, nikaondoka.

Sikuwa nimemaliza kumsimulia mke wangu ushindi wangu simu ilipoita. Bado, mama alisema. Zile ndogo hazisemi.

Tukaanza matibabu ya simu. Mimi namwambia mke wangu, mke wangu anamwambia jirani, jirani anaingia chumbani anarudi na jibu, na jibu linapita njia ile ile kurudi kwangu. Ilibainika kwamba walipoirudisha mashine chumbani, pini ya kijani ilipachikwa kwenye tundu la waridi, ambalo ni la maikrofoni.

"Kijani kwa kijani," nikasema. "Ni lugha gani nyingine nitumie?"

"Usinifokee mimi," mke wangu akasema. "Mimi niko hapa Ikutha na wewe."

Wakarekebisha. Sauti ikarudi, jirani akathibitisha, nikalala vizuri. Kesho yake: bado. Nikawaelekeza jinsi ya kufungua mipangilio ya sauti na kuangalia mizani ya kushoto na kulia, ilikuwa sawa. Nikawaambia waizime na kuiwasha upya. Wakaizima na kuiwasha upya. Bado. Nikaanza kuwa na chuki na ile sabufa. Nilikuwa naamka nikiifikiria. Mteja anakuja dukani kutoa nakala ya kitambulisho, mimi namuuliza kama kwake spika ziko sawa.

Kitu kingine kilichonisumbua ni habari za kwaya zenyewe. Mke wangu aliambiwa na jirani kwamba siku hizi mazoezi yamekuwa magumu. Mwalimu anawakatiza sauti ya kwanza kila mara, anawaambia wafungue midomo, wanafungua hadi koo zinawauma, naye anasema haijafika. Mmoja alitoka akilia. Mama mwenyewe alikuwa amemwambia mchungaji atafute mtu wa kumsaidia, au wa kuchukua kabisa, kama mashine haitapona kabla ya siku ya ufunguzi.

Nikaenda mara ya pili, nimebeba spika nyingine na sabufa nyingine, zile ninazozitumia dukani na ninazoziamini. Sebuleni kila kitu kililia vizuri. Nikasema sawa, tatizo haliko kwenye mashine, liko chumbani. Nikamwomba jirani airudishe ndani, aiunganishe kwa kufuata alama nilizoziweka kwa rangi ya kucha, kisha aiwashe nami nikiwa pale pale kwenye sofa.

Kwaya ikaanza kuimba ng'ambo ya ukuta. Sauti ilipanda hadi kwenye mabati, ikashuka upande wangu. Niliisikia sauti ya kwanza waziwazi. Nilimsikia hata yule jirani mwenyewe, maana sauti yake inapenya.

"Inasikika, mama?" nikauliza.

"Inanguruma tu, muthoni wakwa."

"Na hizo ndogo?"

"Zimenyamaza."

Nikaitazama ile dari isiyokuwepo. "Mama, hebu zikaribie."

"Nimezikaribia. Nimeweka mkono juu yake."

Jirani akamwambia kitu huko ndani, na nikamsikia mama mkwe akimkemea. "Ongea! Mbona siku hizi nyinyi nyote mnanong'ona? Hata binti yangu kwa simu ni kama amefunikwa blanketi. Huyu muthoni wangu ndiye mtu pekee anaongea nikamsikia."

Nililichukua hilo kuwa sifa. Nina sauti nzito, nimeimba besi tangu shuleni, na si kila siku mtu anasifiwa na mama mkwe. Nikajiweka sawa kwenye sofa na kuendelea kufikiri kama fundi. Sauti nzito hupenda pembe za chumba, hujikusanya pale na kuvimba. Sauti nyembamba humezwa na vitu laini: mapazia, nguo, godoro. Basi lazima nijue chumba kimepangwa vipi. Na bila kufikiri zaidi, nikauliza kwa sauti yangu ile nzito iliyosifiwa:

"Mama, kitanda chako kiko upande gani?"

Kwaya ilikuwa imefika mwisho wa ubeti, kwa hiyo swali langu lilisikika lote. Jirani akatoka chumbani akiwa amejiziba mdomo kwa leso, akapita sebuleni bila kunitazama, akaenda kucheka nyuma ya jikoni. Mimi nikakusanya waya zangu.

Kabla sijafika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapigiwa.

"Uliuliza mama yangu kitanda chake kiko wapi?"

"Nilikuwa nauliza mambo ya mwangwi."

"Mwangwi gani! Mwanamume mzima!"

Nikamweleza habari za pembe na godoro. Akaniambia nikawaeleze ndugu zake hizo habari za godoro, yeye aone. Nilikasirika, na nilipokasirika nikasema kwamba spika hazina shida hata kidogo, na kwamba mama yake anatafuta sababu tu ya kuacha kwaya. Mke wangu alienda kuanua nguo, na nikabaki na maneno yangu, ambayo hata mimi hayakunipendeza.

Niliposikia mama mkwe ameniita tena, nilidhani ni kesi ya kitanda. Ujumbe ulikuwa mfupi: muthoni aje, na asije na spika nyingine.

Safari hii kompyuta ilikuwa imeshatolewa sebuleni, imepangwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, sabufa chini, waya zote rangi kwa rangi. Viti vilikuwa viwili. Kimoja kilitazama meza. Kingine kilikuwa karibu na meza vile vile, lakini kimegeuzwa kutazama dirisha. Nikaketi kile cha meza. Halafu mama mkwe akaingia, leso imefungwa vizuri kichwani, akaketi kwenye kile cha pili, mgongo karibu wote umenielekea.

Nikasimama, nikitaka kutoka.

"Keti," akasema. "Hii kitu imetusumbua vya kutosha. Leo tusikize pamoja."

Sijui kama naweza kumweleza mtu wa mahali pengine ilivyokuwa. Miaka yote tangu nimuoe binti yake, sikuwahi kuwa chumba kimoja na mama huyu kwa muda wa kumaliza kikombe cha maji. Jirani alisimama mlangoni, macho yamemtoka. Mimi nikafanya anachofanya mtu aliyetahayari: nikashika mausi.

Kwenye kompyuta zangu zote huwa naweka sauti ya kupimia spika. Si wimbo. Ni mlio mmoja unaoanza chini kabisa, mahali ambapo sabufa hutikisa meza, kisha unapanda polepole bila kukatika hadi juu kabisa, mwembamba kama sindano. Spika ikiwa na ugonjwa, mlio unakatika au unakoroma mahali fulani, nawe unajua ni wapi.

"Mama, mlio utaanza chini kwenda juu," nikamwambia kiti chake. "Inua mkono. Usiposikia tena, ushushe. Mahali utakaposhusha ndipo spika zimekufa."

Nikacheza. Sabufa ikatetemesha kitambaa cha meza, na mkono wake ukapanda. Mlio ukapanda, ukapita mahali pa besi, ukapita mahali pa tena, ukaingia kwa akina mama. Mkono ulikuwa juu, umenyooka, kama anavyoushika akiwa mbele ya kwaya. Mlio ukaendelea kupanda. Mkono ukashuka polepole, ukatulia gotini.

Lakini mlio ulikuwa haujakatika. Ulikuwa unalia wazi, unazidi kuwa mkali, spika zote mbili ndogo zikiutoa kwa usafi ambao ungemfurahisha fundi yeyote. Mlangoni, yule jirani alikuwa ameziba masikio yote mawili kwa viganja. Mimi mwenyewe meno yaliniuma. Na mama mkwe ameketi akitazama dirisha, mikono gotini, uso umetulia kabisa, kama mtu aliye mahali pasipo na kelele.

"Imefika mwisho?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Fundi ana uongo mwingi wa kutumia: kuna waya umekatika ndani, nitaenda nazo, nitakuja na nyingine.

"Bado, mama," nikasema. "Bado inalia."

Hakugeuka. Alikaa hivyo hadi mlio ukaisha, au tuseme hadi mimi nikaona umeisha. Kisha akamwambia jirani aende akaweke chai, na jirani akaondoka haraka, amefurahi kupewa njia ya kutoka.

"Nilikuwa najua," akasema.

Nikaachia mausi.

"Nilisema ni spika kwa sababu spika hutengenezwa. Nikafikiri labda. Ulipotengeneza mara ya kwanza nikaomba iwe imepona." Akavuta leso ikae vizuri. "Watoto wangu ningewaambia, wangenitazama. Hiyo namna ya kutazama mtu. Hata wale wa kwaya. Wewe huwezi kunitazama."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikitazama kidude cha trebo, ambacho kilikuwa kimezungushwa tena hadi kimegota, na safari hii sikumlaumu mtoto wa mtu. Nilifikiri jinsi alivyokuwa akiketi peke yake chumbani akikizungusha kidogo, kisha kidogo tena, akingoja sauti ya kwanza irudi.

"Mimi unanisikia?" nikauliza.

"Wewe nakusikia."

"Na besi? Na tena?"

"Hao nawasikia hata wakikohoa."

Mtu akiwa na aibu kubwa, kazi humsaidia. Nikasogeza kiti. "Basi sauti ya kwanza tutaileta huko chini uliko," nikasema. "Kuna programu ya kushusha. Wimbo unabaki ule ule, mwendo ule ule, ila unashuka ngazi nzima, uingie kwa sabufa."

"Na ikishuka, kosa litabaki?"

"Kosa haliendi popote, mama."

Nikasikia kitu kilichofanana na kicheko. Jirani aliporudi na chai, mimi nilitoka kuinywa nje, kwa sababu si kila kitu kingevunjwa siku moja. Kisha nikamwomba jirani aimbe sauti ya kwanza ya ule wimbo, peke yake, simu ikirekodi. Nikaiingiza kwenye mashine, nikaishusha, nikacheza. Ikatoka sauti nene, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Hiyo ni mimi?" jirani akapiga kelele. "Hiyo ni mjomba wangu!"

Lakini mama mkwe alikuwa ameinama, kiganja kimelala juu ya sabufa, kichwa kinaenda taratibu. Ghafla akainua kidole.

"Hapo! Rudisha. Hapo kwa neno la pili, umeshuka. Haijafika."

Jirani akaacha kucheka. "Ni kweli, mwalimu," akasema. "Hapo hunishinda."

Sijawahi kutengeneza kitu kilichonifurahisha kama hicho, na hakukuwa na kitu chochote nilichotengeneza. Nilirudisha trebo katikati. Mama mkwe aliniona nikifanya hivyo, kwa pembe ya jicho.

Kwaya aliwaambia mwenyewe, kwenye mazoezi yaliyofuata, kwa sentensi moja, kisha akaendelea na wimbo. Jirani alisema hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wamejua na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme. Mama mkwe akamwambia binti yake pia, na mke wangu akalia kidogo jikoni, kisha akampeleka kupimwa. Daktari alisema ni umri, na mama akaandikiwa kifaa cha sikio ambacho bado wanazozana naye kukihusu, anasema kinampigia mluzi. Mimi nilirudi Ikutha kwenye nakala zangu za vitambulisho. Kila wiki rekodi ya sauti ya kwanza ilinijia kwa simu, naishusha, naituma. Duka langu lilijaa sauti za wazee waliochoka, na wateja waliuliza ni kwaya ya wapi hiyo isiyo na wanawake.

Siku ya ufunguzi tulienda na watoto. Niliketi upande wa wanaume, mbali, nikimwona mama mkwe ubavuni tu, amesimama mbele ya watu wake kwenye jengo lililonuka rangi mbichi. Alipoinua mkono, nilijikuta natazama kama utashuka. Haukushuka. Sauti ya kwanza iliingia wazi na kali, naye macho yake hayakutoka kwenye midomo yao hata mara moja. Kwenye ubeti wa pili, lile neno la pili, waliteleza kidogo. Niliiona shingo yake ikikaza, lakini mkono uliendelea.

Baadaye watu walikuwa wakila nje, chini ya hema. Nilikuwa nimesimama pembeni na sahani yangu nilipomwona anakuja upande wangu. Kwa mazoea nikageuza uso, nikautazama ukuta wa kanisa, nikingoja apite. Hakupita.

"Muthoni wakwa."

Nilipogeuka, alikuwa ananitazama usoni, machoni kabisa, mchana kweupe, mbele ya watu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba mke wangu ana macho ya mama yake.

"Ilifika?" akauliza.

"Ilifika, mama," nikasema. "Ubeti wa pili walishuka kidogo. Lile neno la pili."

Akaguna, akakaza leso kichwani, akageuka kuwafuata akina mama wa sauti ya kwanza. Nao walipomwona anakuja, wakaanza kuweka sahani zao chini.